Johann Sebastian Bach: Mpiga Ogani Aliyeipa Miguu Kazi ya Besi

Maelekezo kwa mtahiniwa

Wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yanayoandikwa na mtu mwingine. Mtu akiandika maisha yake mwenyewe, maandishi hayo huitwa tawasifu. Katika mtihani unaweza kupewa kifungu cha wasifu ili ujibu maswali ya ufahamu, ukifupishe, au utumie muundo wake kuandika insha yako. Soma habari hii mara mbili. Mara ya kwanza fuata maisha ya mhusika tangu kuzaliwa hadi kufa. Mara ya pili tafuta jambo moja linaloyaunganisha maisha hayo yote. Kidokezo: angalia miguu yake.

1. Kwanza, ielewe ala yenyewe

Ukipita karibu na kanisa lenye kwaya mkoani Mbeya au Iringa, huenda umekiona kinanda cha umeme chenye midundo iliyowekwa tayari na kiwanda. Mpigaji hushika noti tatu au nne kwa mkono wa kushoto, na kinanda chenyewe hutoa ngoma pamoja na besi. Mkono wa kulia hubaki na sauti ya wimbo. Chini ya vinanda vingi vya aina hiyo utaona kikanyagio kimoja tu. Hicho hurefusha sauti, hakipigi noti yoyote.

Katika baadhi ya makanisa ya zamani ya misheni kulikuwa na kinanda cha upepo. Hicho nacho kilitumia miguu, lakini miguu ilikuwa inasukuma hewa tu. Noti zote zilipigwa kwa mikono.

Ogani kubwa ya mabomba ni tofauti. Chini ya miguu ya mpigaji kuna safu nzima ya pedeli za mbao zilizopangwa kama vibao vya kinanda: ndefu kwa noti za kawaida, na fupi zilizoinuka kwa noti za kati. Ogani nyingi za leo zina pedeli 30 au 32. Mpigaji hukanyaga kwa ncha ya kiatu, na wengi wa leo hutumia kisigino pia, huku macho yake yakiwa kwenye kitabu. Kwa njia hiyo mikono miwili hupiga sauti za juu, na miguu hupiga besi.

Katika Fizikia umejifunza kwamba bomba refu hutoa sauti nzito kuliko bomba fupi. Bomba la besi lenye urefu wa futi 16, yaani karibu mita 5, hutoa mitetemo 33 hivi kwa sekunde. Sauti ya namna hiyo huisikia kwa masikio, na pia huihisi kwenye benchi ulilokalia.

Besi ndiyo sauti ya nne katika kwaya. Wasikilizaji wengi huondoka wakiimba sauti ya kwanza, na ni wachache wanaoikumbuka ya nne. Hata hivyo, sauti ya nne ndiyo inayozionyesha sauti nyingine mahali pa kusimama. Mtu unayesoma habari zake hapa aliitumia miguu yake kuifanya sauti hiyo iheshimiwe.

2. Kuzaliwa na kufiwa

Johann Sebastian Bach alizaliwa tarehe 21 Machi 1685 katika mji wa Eisenach, nchini Ujerumani. Alikuwa mtoto wa mwisho wa Johann Ambrosius Bach, mwanamuziki aliyeajiriwa na mji huo. Muziki ulikuwa kazi ya ukoo wao, kama ilivyo kwa koo nyingine kurithishana uhunzi au uganga. Ndugu kadhaa wa baba yake na binamu walikuwa wapiga ala katika miji ya jirani.

Furaha ya utoto wake haikudumu. Mama yake alifariki mwaka 1694. Baba yake alifariki mapema mwaka 1695, kabla mtoto hajatimiza miaka kumi. Alichukuliwa na kaka yake mkubwa, Johann Christoph, aliyekuwa mpiga ogani katika mji mdogo wa Ohrdruf. Kaka huyo ndiye aliyemfundisha kupiga kinanda.

Habari za maisha yake zilizochapishwa mwaka 1754, ambazo mwanawe mmoja alishiriki kuziandika, zinasimulia tukio la wakati huo. Kaka alikuwa na kitabu cha muziki wa watunzi mashuhuri, akakifungia kabatini. Kijana akakitoa usiku kupitia nafasi za mlango wa kabati, akakinakili kwa mwanga wa mbalamwezi kwa muda wa miezi sita. Kaka alipogundua, aliichukua nakala yote. Kazi ya miezi sita ikapotea. Lakini mtu anayenakili noti moja moja hubaki na nyingi kichwani, na hizo hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

3. Elimu na safari za miguu

Mwaka 1700, akiwa na miaka 15, alikwenda Lüneburg, kaskazini mwa Ujerumani, mamia ya kilomita kutoka Ohrdruf. Huko palikuwa na shule iliyowapokea wavulana maskini wenye sauti nzuri ili waimbe kwaya. Wao walilipa kwa kuimba, nasi tungesema leo kwamba alisoma kwa ufadhili. Kutoka Lüneburg alikuwa akienda Hamburg kumsikiliza mzee Reincken, mpiga ogani maarufu.

Mwaka 1703, akiwa na miaka 18, aliitwa katika mji wa Arnstadt kuikagua ogani mpya. Waliomsikia walimwajiri palepale kanisani. Mshahara ulikuwa mzuri na kazi haikuwa nyingi. Kijana mwingine angeridhika.

Yeye aliona kuna jambo bado halijui. Katika miji ya kaskazini ogani zilikuwa na mabomba makubwa ya besi, na wapigaji wa huko waliziachia pedeli zipige peke yake, bila mikono. Bingwa wao alikuwa Dieterich Buxtehude wa mji wa Lübeck. Mwezi Oktoba 1705 Bach aliomba ruhusa ya majuma manne, akaondoka kwa miguu. Kutoka Arnstadt hadi Lübeck ni kilomita 400 hivi. Ukitaka kuupima umbali huo, fikiria barabara kuu kutoka Mbeya kupitia Makambako na Mafinga hadi Iringa, kisha uendelee kutembea. Na hiyo ilikuwa safari ya kwenda tu.

Majuma manne yalipita, naye hakurudi. Alikaa karibu miezi minne akisikiliza na kujifunza. Aliporudi mwanzoni mwa mwaka 1706, wakuu wa kanisa walimwita wamhoji. Walikuwa na malalamiko mawili: amezidisha ruhusa, na tangu arudi anaingiza noti za ajabu katika nyimbo hadi waumini wanachanganyikiwa.

Zingatia, mtahiniwa: wasifu mzuri haufichi upande huu. Wakuu wale walikuwa na haki ya kudai kazi waliyoilipia. Bach naye alikuwa amepata kitu ambacho Arnstadt haikuweza kumpa. Maswali ya ufahamu hupenda kukutaka uone pande zote mbili.

4. Kazi: Mühlhausen, Weimar na Köthen

Mwaka 1707 alihamia Mühlhausen, akamwoa Maria Barbara, aliyekuwa wa ukoo wa Bach pia. Mwaka uliofuata alipata kazi ya mpiga ogani kwa mtawala wa Weimar. Hapo ndipo alipotunga sehemu kubwa ya muziki wake wa ogani.

Kazi moja ya Weimar inakuhusu wewe mwanafunzi moja kwa moja. Ni kitabu kiitwacho Orgelbüchlein, maana yake Kitabu Kidogo cha Ogani. Bach alikipanga kiwe na nyimbo za kanisa 164, akamaliza 46 hivi. Katika ukurasa wa kwanza alieleza kwamba kitabu ni cha anayeanza kujifunza, na kwamba humo pedeli ni za lazima. Maelezo hayo yalikuwa na uzito kwa wakati wake. Katika nchi kadhaa za Ulaya ogani zilikuwa na pedeli chache au hazikuwa nazo kabisa, na wapigaji walizikanyaga walipotaka kuongeza uzito mwishoni mwa wimbo. Bach aliwataka wanafunzi wake waizoeshe miguu tangu mwanzo, sawa na vidole.

Kazi nyingine ni Passacaglia katika C ndogo. Inaanza na pedeli peke yake. Miguu inapiga besi ya hatua nane tu, polepole, mikono ikiwa imetulia. Kisha besi hiyo inarudiwa, na juu yake mikono inajenga mabadiliko 20, kila moja na sura yake. Ukiwa mpenzi wa muziki wa dansi unaijua mbinu hiyo: gitaa la besi linarudia mzunguko mmoja, na magitaa mengine yanacheza juu yake.

Mwaka 1717 Bach alitaka kuhama Weimar aende kwa mtawala wa Köthen. Alidai kuachishwa kazi kwa msisitizo uliomkasirisha bwana wake, akafungwa gerezani kuanzia tarehe 6 Novemba hadi tarehe 2 Desemba. Alipotoka aliachishwa kazi bila heshima, akaenda zake Köthen.

Huko alipata bwana aliyempenda, lakini pia alipata msiba. Katika mwaka 1720 alisafiri na mtawala huyo. Aliporejea nyumbani alikuta mkewe Maria Barbara amefariki na amekwisha kuzikwa. Mwishoni mwa 1721 alimwoa Anna Magdalena, mwimbaji, ambaye alimsaidia pia kunakili muziki. Kwa wake wawili Bach alipata watoto 20. Ni 10 tu waliofikia utu uzima.

5. Leipzig: kufundisha kwa miaka 27

Mwaka 1723 alichukua kazi ya kusimamia muziki wa makanisa makuu ya Leipzig na kuwafundisha wavulana wa Shule ya Mtakatifu Thomas. Hakuwa chaguo la kwanza. Wakuu wa mji walimtaka Telemann, kisha Graupner, na hao walipokosekana ndipo wakamchukua yeye. Alibaki hapo hadi kufa. Kantata zake zinazojulikana leo ni karibu 200, na nyingi alizitunga Leipzig kwa ajili ya ibada za Jumapili na sikukuu, huku akifundisha darasani na kulea familia kubwa.

Sasa jiulize: mwanafunzi wa zama zile alijizoezaje kupiga pedeli? Ogani ilikuwa kanisani, na haikutoa sauti bila watu wa kukanyaga mivukuto ya kuingiza hewa. Watu hao walihitaji malipo. Tena wakati wa baridi kanisa lilikuwa kama barafu. Jibu lilikuwa kutumia vinanda vya nyumbani vya nyuzi vilivyowekewa pedeli chini yake. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini miguu ilijifunza njia. Bach alikuwa na vinanda vya aina hiyo. Kabla ya kufa alimpa mwanawe wa mwisho, Johann Christian, vinanda vitatu pamoja na pedeli.

Kwa ajili ya mwanawe mkubwa, Wilhelm Friedemann, alitunga sonata sita za ogani, mnamo 1730. Kila moja ina sauti tatu tu: mkono wa kulia una wimbo wake, mkono wa kushoto una wa kwake, na miguu ina wa kwake. Hakuna anayemfuata mwenzake kama kivuli. Wapiga ogani mpaka leo huzitumia kupima kama kweli wameimudu ala. Mwaka 1733 Friedemann alipata kazi ya mpiga ogani katika mji wa Dresden.

Sifa za baba zilienea. Mwaka 1732 alialikwa Kassel kuikagua ogani iliyofanyiwa matengenezo. Constantin Bellermann aliandika mwaka 1743 kwamba mwana wa mfalme aliyekuwapo alishangazwa sana na kipande kilichopigwa kwa miguu peke yake, akavua pete yake yenye kito akampa Bach.

6. Kifo na kusahaulika

Uzeeni macho yake yalififia. Mwaka 1750 daktari Mwingereza, John Taylor, alimpasua macho mara mbili. Upasuaji haukumsaidia, nao ulimdhoofisha mwili. Bach alifariki tarehe 28 Julai 1750, akiwa na miaka 65. Alizikwa Leipzig katika kaburi lisilo na alama. Mifupa inayoaminika kuwa yake ilifukuliwa mwaka 1894, na tangu mwaka 1950 imelazwa ndani ya Kanisa la Mtakatifu Thomas.

Kwa miaka mingi muziki wake ulijulikana na wachache: wanawe, wanafunzi wake na watu waliozitunza nakala. Mwaka 1829 kijana wa miaka 20, Felix Mendelssohn, aliongoza mjini Berlin kazi kubwa ya Bach kuhusu mateso ya Yesu kama yalivyoandikwa na Mathayo. Baada ya hapo jina la Bach halikushuka tena.

7. Bach na Nyanda za Juu Kusini

Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoraviani walifika Rungwe, na katika mwaka huohuo wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin waliingia upande huu wa nchi. Wote walitoka katika nchi ya Bach, wakaja na tenzi za sauti nne zilizoimbwa katika makanisa yao. Utenzi wa Martin Luther kuhusu Mungu aliye ngome, ambao Bach aliutungia kantata na kipande cha ogani, bado huimbwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo mwanakwaya wa Tukuyu au wa Kilolo anayeimba sauti ya nne anafuata njia ambayo miguu ya Bach iliikanyaga.

Hapo ndipo habari hii inapofika kwenye kinanda cha umeme tulichoanza nacho. Mdundo wa kiwandani ukichezwa kwa namna yake rahisi, besi yake husimama kwenye noti ya msingi. Mpigaji akishika do, mi na so, mashine hupiga do chini. Lakini mara nyingi kitabu cha tenzi kinawapa waimbaji wa sauti ya nne mi. Matokeo yake wanaume wanaimba noti moja, mashine inapiga nyingine, na kwaya inaonekana haijajiandaa kumbe imejiandaa vizuri. Kinanda hakina kosa. Kinafanya kilichoelekezwa.

Zipo njia tatu za kurekebisha. Ya kwanza ni kuuzima mdundo wakati wa tenzi na kuipiga sauti ya nne kwa mkono wa kushoto kama ilivyoandikwa. Ya pili ni kutumia mpangilio unaoifanya mashine ifuate noti ya chini kabisa iliyoshikwa, kama kinanda kinao. Ya tatu ni kuunganisha seti ya pedeli kwa waya wa MIDI, ili miguu ichukue besi na mkono wa kushoto ubaki huru. Njia zote tatu zinamtaka mpigaji aijue besi yeye mwenyewe. Bila ujuzi huo hata pedeli zikinunuliwa zitabaki kuwa mbao za kuwekea miguu.

Hili ndilo jambo linaloyaunganisha maisha ya Bach. Sehemu ya muziki ambayo wengi hawakuitazama ndiyo aliyoitembelea kilomita 400, ndiyo aliyoiandikia vitabu vya wanafunzi, na ndiyo iliyoushangaza umati wa Kassel. Katika kila somo unalojiandaa nalo ipo besi yake. Katika Hisabati ni kanuni za kidato cha kwanza, katika Kiswahili ni ngeli na upatanisho wa kisarufi. Hakuna anayezipigia makofi, lakini bila hizo majibu ya juu huyumba.

8. Miaka ya kukumbuka

- 1685: Kuzaliwa Eisenach
- 1695: Anabaki yatima, anahamia Ohrdruf
- 1703: Ajira ya Arnstadt
- 1705–1706: Safari ya Lübeck
- 1708–1717: Weimar
- 1717–1723: Köthen
- 1723–1750: Leipzig
- 1750: Kifo
- 1829: Mendelssohn anaufufua muziki wake

9. Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya wasifu na tawasifu. Habari uliyosoma ni ipi kati ya hizo? Toa sababu mbili.
2. Taja kazi tatu tofauti ambazo miguu hufanya katika vinanda vilivyotajwa.
3. Kwa nini wakuu wa kanisa la Arnstadt walimlalamikia Bach? Je, unakubaliana nao? Tetea jibu lako kwa hoja mbili.
4. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika habari: (a) mivukuto (b) kunakili (c) kantata (d) sauti ya nne.
5. Kwa nini besi ya mashine inaweza kugongana na sauti ya nne ya kwaya?
6. Fupisha sehemu ya 3 kwa maneno yasiyozidi 80.
7. Andika insha ya wasifu, yenye maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 300, kuhusu mtu wa mkoani kwako aliyefanya kazi muhimu ambayo wengi hawakuiona.

Angalizo kwa swali la 7: Panga matukio kwa mfuatano wa miaka, tumia nafsi ya tatu, na chagua jambo moja linaloyaunganisha maisha ya mhusika wako. Usiorodheshe sifa tupu kama vile mchapakazi au mvumilivu. Eleza alichofanya, wapi na lini, na msahihishaji ataiona sifa hiyo bila kuambiwa.